Uyoga Hujulikana kwa Chini

Mvinje si msonobari. Nalisema hili mapema kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wa kupiga picha uyoga hapa Malindi nilizunguka chini ya mivinje ya ufuoni karibu wiki nzima, nikitafuta ule uyoga wa rangi ya andazi niliouona kwenye misonobari ya Kinale kule bara, ambao chini ya kofia una vitundu kama sifongo. Niliambulia mchanga viatuni.

Uyoga ule na msonobari ni washirika: mti huupa sukari, nao huisaidia mizizi kupata maji na madini. Kwetu, mti mmojawapo wenye ushirika wa namna hiyo ni mrihi. Basi nenda msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa mchanga mweupe, iliko mirihi. Ingia kwa lango la Gede, lipa, na uchukue kiongozi, maana ndani kuna ndovu na ukiinamia uyoga huoni kinachokuja nyuma. Subiri masika yakolee, kisha mvua kubwa ikinyesha, hesabu siku mbili tatu.

Kiongozi wangu siku moja alikuwa mama wa Kigiriama. Akanitazama nikilalia tumbo, nikipiga kofia moja kwa juu, kwa pembeni, kwa juu tena. Mwishowe akasema, "Mwanangu, huo wampiga picha kilemba tu. Uyoga hujulikana kwa chini." Tangu hapo nabeba kioo kidogo, kile cha kupakia wanja. Nakisukuma chini ya kofia na kupiga picha iliyomo kiooni, bila kung'oa kitu. Utaona kama kuna vitundu au vikunjo kama kurasa, na kama vikunjo vimeshika shina au vimeliacha. Piga na shina hadi linapozama ardhini. Uyoga wa kichuguu, kwa mfano, una mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye bustani ambamo mchwa wenyewe wanaulima. Weka sarafu kando ili ukubwa ujulikane.

Flashi izime, hufanya kofia yenye maji ing'ae kama sahani. Karatasi nyeupe upande wa kivuli yatosha. Na simu usiitoe kwenye gari lenye eisii ukaanza kazi papo hapo: picha zangu arubaini za asubuhi moja zote zilikuwa ukungu wa lenzi. (Kabla ya kulala chini angalia siafu. Sitaeleza zaidi.)

Kula ni habari nyingine, na picha haitoshi. Jirani yangu alichuma uyoga mweupe, mkubwa, uliojipanga duara kwenye nyasi za uani. Jioni nikamwomba mmoja. Nikakata shina, nikalaza kofia juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, ili lidondoke vumbi la uyoga, yaani mbegu zake laini, nijue rangi yake; maana likiwa jeupe halionekani kwenye nyeupe, nikafunika kwa bakuli.

Asubuhi nikainua. Kwenye nyeupe palikuwa na mistari ya kijani iliyofifia, imepangika kama miale ya jua. Uyoga wa nyasi wenye vumbi la kijani hutapisha na kuharisha vibaya sana. Nikavuka ua na karatasi yangu mkononi. Jirani alikuwa ameshakata vitunguu.