Tatum akichemsha kwenye mtoano, tatizo ni mkono wake au ofensi (mashambulizi ya timu)?

SWALI: Kocha habari za kazi, mimi ni shabiki wa Boston Celtics, timu ya kikapu ya NBA kule Marekani, kindakindaki. Nyota wetu Jayson Tatum msimu wa kawaida anafunga vizuri tu ila ikifika mtoano leo pointi 28 kesho 12, na akikwama yeye timu nzima inakwama. Ni presha au mkono? Na timu yetu ya mtaani tuna dogo wa hivyohivyo, tumfanyeje?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hapo kwenye akikwama yeye timu nzima inakwama nitakubishia, maana ukirudi fainali za 2022 na Golden State utakuta kinyume kabisa. Mechi ya 1 alitupa 17 zikaingia 3 tu, pointi 12, na Boston wakashinda 120-108. Mechi ya 2 akafunga 28, wakapigwa 107-88. Sasa angalia asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu: ile ya kwanza alitoa 13, ya pili 3. Yaani siku aliyokosa sana ndiyo siku aliyoachia mpira, wanamjia wawili yeye anatoa nje, mwenzake Al Horford akamaliza na pointi 26, robo ya nne peke yake Boston wakaichukua 40-16.

Kuhusu mkono, fainali zile mitupo ya pointi tatu aliingiza asilimia 45.5, huo siyo mkono mbovu hata kidogo. Zilizomuua ni za pointi mbili, asilimia 31.6. Presha ipo siikatai, lakini presha haiwezi kuharibu za mbili halafu ikaziacha za tatu salama, mtu akipiga hivyo kwa mbali halafu karibu na ringi anakosa ujue huko karibu kumejaa watu. Andrew Wiggins wa Golden State anamkaba kwa mwili toka mbali, akimpita tu anakutana na mwenzake Draymond Green au yeyote aliyemwacha mtu wake asiyetishia kwa mbali, kaja kusimama njiani anamsubiri, na Tatum keshapaa hana pa kurudi, basi analazimisha shuti au anatupa pasi ya kubahatisha. Ndiyo maana mtoano ule alifikisha mipira 100 aliyopoteza, na kabla yake hakuna aliyewahi kufika huko kwenye mtoano mmoja. Na kumbuka mtoano unacheza na timu ileile kila baada ya siku mbili tatu, hadi bega unalopenda kuanzia wanalijua.

Sasa njoo 2024, Tatum yuleyule, fainali na Dallas alipiga asilimia 38.8 tu, na kombe wakalibeba 4-1! Waliobadilika ni wanaomzunguka. Mwaka 2023 waliletwa Kristaps Porziņģis, mrefu wa kutisha na anatupia za tatu, na Jrue Holiday, kisha kocha Joe Mazzulla akawatandaza watano wote nje ya mstari wa pointi tatu, ukimpelekea Tatum mtu wa pili lazima kuna mwingine amebaki peke yake. Mechi ya 2 Tatum alitupa 22 zikaingia 6, ungesema kachemsha, lakini alitoa asisti 12 na Holiday akafunga 26, alitupa 14 zikaingia 11, nyingi za palepale chini ya ringi kwa sababu macho ya Dallas yote yalikuwa kwa Tatum.

Ninapomlaumu mimi ni pale anapopata beki mdogo mbele yake halafu anaridhika kurudi nyuma na kutupia mbali wakati njia ipo wazi, hiyo ni tabia na inaniudhi kweli.

Dogo wenu msimwambie aache kutupa, mtamuua. Mazoezini mwekeeni walinzi wawili, mpira ukimfikia ana dribo mbili tu awe ameshaachia, kikapu kikitoka kwenye pasi yake hesabuni 2, akifunga mwenyewe 1. Na wale wanne wengine wasisimame kuangalia, hapa ndipo timu nyingi za mtaani zinapofeli, aliyeko kona akiona tu mlinzi wake kageuza kichwa kumtazama dogo akate chini ya ringi hapohapo, ndicho Holiday alichokuwa anawafanyia Dallas. Fanyeni hivyo kila mazoezi halafu uniandikie dogo anatoa asisti ngapi kwa mechi, pointi zake usinitajie kwanza.