Nikubali umeneja wa duka?

SWALI: Nimekuwa keshia kwa miaka sita katika duka kubwa la vyakula hapa Mwanza. Mwajiri anataka niwe meneja wa duka hilo, kwa nyongeza ndogo ya mshahara. Nikubali?
Msomaji, Igoma

JIBU: Ndugu msomaji, linganisha kwanza mshahara huo na unachopokea sasa pamoja na saa za ziada, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayoweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, huwaacha nje ya masharti hayo wasimamizi wanaoongoza wenzao na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Keshia hufunga hesabu yake akaondoka. Meneja hubaki na daftari la stoo, akitafuta katoni mbili za sabuni zisizoonekana. Kwa hiyo, dai bidhaa zote zihesabiwe mbele yako, na meneja anayeondoka atie saini. Kuwasimamia wenzako wa jana (mmoja wao, bila shaka, alikitaka cheo hicho) utajifunza taratibu. Mwajiri akikataa stoo ihesabiwe, mimi ningebaki keshia.