Majani Mawili, Jogoo na Njiwa: Nani Mrithi Halali wa Chama?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika toleo lililopita mligusia kwamba chama cha AIADMK cha jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, kimegawanyika zaidi ya mara moja, na kwamba makundi yake yalifikishana mbele ya Tume ya Uchaguzi kugombea picha ya majani mawili. Naomba kuelimishwa. Watu wazima wenye itikadi wanagombaniaje picha ya majani? Na chama hicho kilitoka wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, picha hiyo si pambo. Sensa ya India ya mwaka 1951 ilionyesha kwamba watu wapatao 18 tu katika kila 100 ndio waliojua kusoma na kuandika, na kwa kuwa uchaguzi mkuu wa kwanza ulikuwa unaanza mwaka huohuo, kila chama kilipewa alama ambayo mpiga kura angeitambua hata kama hajui herufi moja. Wasomaji wetu wa Kenya, ambao wazee wao walimjua jogoo wa KANU kabla ya kuijua katiba ya chama chenyewe, hawatahitaji maelezo zaidi.

Sasa tuje kwenye asili ya chama, nayo ni habari ya watu kutoka katika nyumba ya mzee wao. Mzee wa kwanza ni E. V. Ramasamy, maarufu kwa jina la Periyar, ambaye mwaka 1944 alikibadili Chama cha Haki kuwa Dravidar Kazhagam, harakati ya kupinga ukuu wa Mabrahmani (tabaka la juu la Wahindu), ubaguzi wa matabaka na kulazimishwa lugha ya Kihindi. Mwaka 1949, akikaribia umri wa miaka 70, Periyar alimwoa msaidizi wake aliyekuwa mdogo kwake sana, na wafuasi wengi wakaona kwamba ndoa hiyo ilikuwa njia ya kumtafutia mrithi bila kuwauliza. C. N. Annadurai akaondoka nao, na tarehe 17 Septemba mwaka huo wakaunda chama cha DMK mjini Madras. Ndoa ilikuwa kisa. Sababu nzito zaidi ni kwamba Periyar hakutaka harakati zake ziingie katika uchaguzi, ilhali vijana wa Annadurai waliutamani. Waliingia ulingoni mwaka 1957, na baada ya ghasia za mwaka 1965 za kupinga Kihindi, mwaka 1967 waliking'oa chama cha Congress madarakani katika jimbo hilo.

Annadurai alifariki Februari 1969, kabla hajatimiza miaka miwili ofisini. Aliyeshika nafasi yake ni M. Karunanidhi, mwandishi wa miswada ya filamu, kwa kuungwa mkono na M. G. Ramachandran, yaani MGR, mwigizaji aliyependwa kuliko wote katika jimbo zima. Baada ya hapo urafiki wao ulidumu miaka mitatu tu. Mwaka 1972 MGR alisimama hadharani na kudai viongozi wa chama watoe hesabu ya mali zao. Chama kikamfukuza, naye tarehe 17 Oktoba akaanzisha chama chake, ndicho AIADMK ya leo, akakipa jina la Anna, ambalo ni ufupisho wa Annadurai na pia kwa Kitamil humaanisha kaka mkubwa. Hapo ndipo majani mawili yalipotokea. Katika uchaguzi mdogo wa Dindigul wa mwaka 1973 mgombea wa chama hicho kichanga alipewa alama hiyo, akashinda, na DMK yenye serikali ikaangukia nafasi ya tatu. MGR akawa mkuu wa serikali ya jimbo, cheo ambacho msomaji wa Zanzibar angekiita waziri kiongozi, tangu mwaka 1977 na, ukiondoa miezi michache ya mwaka 1980, hadi kifo chake tarehe 24 Desemba 1987.

Mgogoro wa urithi ulianza kabla hata marehemu hajazikwa. J. Jayalalithaa, mwigizaji mwenzake wa zamani ambaye MGR mwenyewe alimwingiza katika siasa, alipanda juu ya gari la mizinga lililobeba jeneza, na watu wa upande wa mjane wakamsukuma chini mbele ya umati. Mjane huyo, Janaki, akaapishwa Januari 1988 na akatawala siku 23. Kura ya imani ilipigwa huku wabunge wakitupiana ngumi, na serikali kuu ikaivunja serikali yake. Tume ikayazuia majani mawili. Katika uchaguzi wa Januari 1989 kundi la Jayalalithaa lilisimama kwa alama ya jogoo na kundi la Janaki kwa njiwa wawili. DMK ilishinda, kwa sababu nyumba iliyogawanyika iliifungulia mlango, lakini jogoo aliambulia viti 27 na njiwa hawakuzidi viwili. Janaki alijitoa katika siasa, makundi yakaungana, na majani yakarudishwa kwa Jayalalithaa.

Tume huamua kwa Amri ya Alama ya mwaka 1968, aya ya 15, inayoipa mamlaka ya kutambua ni kundi lipi ndilo chama. Kipimo chake kikuu ni hesabu: nani ana wajumbe na wabunge wengi. Itikadi hupimika kwa shida sana katika mizani hiyo. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jibu la swali lako: alama haimpi mtu ushindi, bali hukabidhiwa kwa yule ambaye tayari amekwisha kuwavuta wengi upande wake.

SWALI: Niliona katika habari kwamba baada ya Jayalalithaa mambo yalijirudia. Safari hiyo alishinda nani? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Yalijirudia, tena kwa vituko zaidi. Jayalalithaa alifariki tarehe 5 Desemba 2016 na O. Panneerselvam akaapishwa kuwa mkuu wa serikali ya jimbo. Miezi miwili baadaye wabunge walimchagua V. K. Sasikala, mwandani wa marehemu wa miaka mingi, achukue nafasi hiyo. Usiku wa tarehe 7 Februari 2017 Panneerselvam alikwenda kwenye kaburi la Jayalalithaa, ufukweni Marina, akaketi amefumba macho kwa muda wa dakika 40 hivi mbele ya kamera, kisha akainuka na kusema kwamba alilazimishwa kujiuzulu. Sasikala aliwaweka wabunge wake katika hoteli ya mapumziko nje ya mji ili wasirubuniwe, lakini tarehe 14 Mahakama ya Juu ya nchi ikathibitisha hatia yake katika kesi ya mali isiyo na maelezo. Kabla ya kwenda gerezani alipita kaburini na kulipiga kofi mara tatu, kama mtu anayekula kiapo, na kiti akamwachia Edappadi Palaniswami.

Majani yakazuiwa tena: kundi moja likapewa kofia, jingine nguzo ya umeme. Ajabu ni kwamba Palaniswami na Panneerselvam walipatana mwezi Agosti, wakamtupa Sasikala aliyemweka mmoja wao madarakani, na Novemba wakarudishiwa majani. Mpwa wa Sasikala, T. T. V. Dhinakaran, aliwashinda katika uchaguzi mdogo wa jimbo la uchaguzi la Jayalalithaa mwenyewe, Desemba 2017, kwa alama ya sufuria ya presha. Lakini chama alichokianzisha mwaka uliofuata hakikupata kiti hata kimoja katika uchaguzi wa 2019 wala wa 2021.

Palaniswami na Panneerselvam walikuwa wametangaza kwamba Jayalalithaa ndiye katibu mkuu wa milele. Umilele huo ulidumu hadi Julai 2022, Palaniswami alipochaguliwa katibu mkuu wa muda na Panneerselvam akafukuzwa uanachama, siku ambayo wafuasi wa pande mbili walipigana mawe nje ya makao makuu ya chama. Februari 2023 Mahakama ya Juu ya nchi ikaupa nguvu uamuzi huo.

SWALI: Je, DMK yenyewe haikugawanyika tena? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Iligawanyika, ila shina halikutikisika. Kiongozi wake mmoja, Vaiko, alifukuzwa mwaka 1993 na akaunda chama cha MDMK mwaka 1994. Katika uchaguzi wa 2021 wagombea wake walisimama kwa alama ya jua linalochomoza, ambayo ni ya DMK ileile aliyoihama. Karunanidhi aliiongoza DMK kwa karibu nusu karne, na mwanawe M. K. Stalin alikuwa ameandaliwa mapema, hivyo baba alipofariki Agosti 2018 hapakuwa na mirathi ya kugombewa.

Kuhusu Panneerselvam, mwaka 2024 aligombea ubunge wa Ramanathapuram akiwa mgombea binafsi kwa alama ya fenesi, na kwenye orodha hiyohiyo ya wagombea kulikuwa na watu wengine watano wenye jina la O. Panneerselvam. Mpiga kura aliyemtaka yeye ilimbidi alitafute fenesi. Hakushinda, lakini alishika nafasi ya pili, na mgombea wa majani mawili akawa wa tatu.