Mchoro wa waya wa Land Rover 109 ya marehemu baba, rangi haziendani na gari

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Lindi mjini. Marehemu baba ametuachia Land Rover 109 pikapu ya dizeli, ilikaa Nachingwea miaka mingi. Kadi inasema 1974. Nikikanyaga breki taa za paking za nyuma zinafifia na indiketa zinawaka kwa mbali. Nimepakua mchoro wa waya wa 1974 nikauprinti, fundi ameuangalia anasema rangi haziendani kabisa na gari, sasa anataka avue waya zote aweke mpya. Mchoro sahihi naupata wapi?

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Kabla ya yote mwambie huyo fundi aweke koleo chini, asikate hata waya mmoja kwanza. Wayaringi ya kiwandani ikishavuliwa kwenye gari la umri huo hairudi tena, na anachokuja kuweka mara nyingi ni waya nyekundu tupu kuanzia mbele mpaka nyuma, siku akihama mji hakuna mwingine atakayejua ipi inakwenda wapi. Magari ya hivyo naletewa sana hapa Mtwara, mengine yanatoka Newala mengine Masasi, ukifungua dashi waya zimening'inia kama mizizi ya mkoko na kila fundi aliyepita ameongeza wake.

Sasa mchoro. Tatizo limeanzia kwenye kadi. Mwaka ulioandikwa pale mara nyingi ni mwaka gari liliposajiliwa, au mtu alikadiria tu, na kwa Land Rover hilo ni jambo kubwa kwa sababu yametoka kwa matoleo, toleo la Series IIA limetengenezwa kuanzia 1961 mpaka 1971 alafu ikaingia Series III mpaka 1985, kwaiyo gari lako likiwa la 1970 lililosajiliwa baadae basi umeprinti mchoro wa gari lingine kabisa. Kwa haraka haraka angalia dashi: geji zikiwa katikati ya gari hiyo ni IIA, zikiwa mbele ya dereva ni III. Ila usiishie hapo, maana grili, mabawa na hata dashi nzima vimehamishwa sana kutoka gari moja kwenda lingine, Land Rover zimeishi kwa kuazimana vipuri.

Kisichodanganya ni namba ya chasisi. Kuna kibati ndani ya kebini, na kuna ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe cha chasisi mbele upande wa kulia, pale springi inapoanzia. Chukua brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa, sugua taratibu, usitumie grainda nakuomba. Utakuta tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Tarakimu tatu za mwanzo zinasema ni aina gani ya gari, yani urefu, petroli au dizeli, usukani upande gani, na ile herufi ya mwisho ndo inasema ni toleo la ngapi la mabadiliko, na michoro mingi ya waya imepangwa kwa kufuata hiyo herufi. (Ukikuta namba ndefu inayoanza na SALL basi ni Series III za mwishoni kabisa.) Namba ya kibati na ya chuma zisipofanana amini ya chuma.

Baada ya hapo fungua boneti uangalie vitu viwili. Kwanza kinachochaji betri, ni dainamo au alteneta. Pili, na hapa naomba usimame kabisa, ni ncha ipi ya betri imefungwa kwenye bodi. Land Rover za zamani mpaka kwenye mwaka 1967 hivi zilikuwa zinafunga chanya kwenye bodi, kinyume na gari zote unazoziona barabarani leo. Mimi nilipokuwa kijana naanza kazi niliwahi kufunga redio kwenye gari la namna hiyo bila kuangalia, nimeunganisha kwa mazoea tu, moshi ukatoka redio ikafa palepale na mwenye gari kasimama pembeni ananitazama. Tangu siku hiyo naangalia betri kabla sijagusa kitu chochote. Ya kwako ikiwa kweli ni III itakuwa na alteneta na hasi kwenye bodi, lakini angalia kwa macho yako.

Ukishajua hayo tafuta mchoro kwa maneno kamili: aina ya Series, 109, dizeli, usukani kulia, hasi kwenye bodi, na herufi yako. Hicho cha dizeli usikipuuze, mchoro wa petroli una koili na distribuita ambazo wewe huna, na wewe una hita plagi, zile za kupasha moto mashine ya dizeli kabla ya kuiwasha, ambazo wao hawana, na kwa dizeli za zamani za Land Rover hizo hita plagi zimefuatana mstari mmoja, moja ikikatika zote nne zinalala. Mchoro bora ni wa kitabu cha karakana cha kiwanda, yamechapishwa upya Uingereza na yanauzwa mpaka leo, cha Series III umeme uko sehemu ya 86. Na kabla hujanunua pekua kwenye makaratasi ya mzee! Kile kitabu kidogo cha mwenye gari kilichokuwa kinakuja na gari kina mchoro ndani, na wazee wengi wa huku kusini walikuwa wanavitunza kwenye sanduku pamoja na kadi.

Sasa rangi. Yawezekana mchoro wako uko sahihi na rangi ndo zimewadanganya. Waya iliyokaa miaka 50 kwenye joto la mashine, nyeupe inageuka ya njano, kahawia inakuwa nyeusi, na ile mistari myembamba inafutika kabisa. Usisome rangi pale waya ulipo wazi. Chomoa betri, kata tepu kidogo pale fungu linapopita chini ya dashi, fungua kama inchi mbili, rangi ya ndani haijaonwa na jua wala vumbi na utaikuta kama mpya. Angalia mchana, tochi ya simu inabadilisha rangi.

Waingereza wana utaratibu wao na ukiushika unasoma gari zao zote za miaka ile. Kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri. Nyeupe ni baada ya ufunguo. Kijani ni baada ya ufunguo na fyuzi. Bluu taa kubwa, bluu yenye nyeupe ni fulu na bluu yenye nyekundu ni dimu. Nyekundu ni paking. Nyeusi ni ethi, yani inayorudisha umeme kwenye bodi. Kijani yenye nyekundu indiketa ya kushoto, kijani yenye nyeupe ya kulia, kijani yenye zambarau ni taa za breki. Kwenye mchoro wanaandika kwa herufi, ya kwanza rangi yenyewe na ya pili ni mstari, na hapo wengi wanapotea kwa sababu B ni nyeusi, kahawia wameipa N na bluu wameipa U. Ukikuta mchoro ambao bluu ni L huo ni wa Toyota, achana nao. Na kwa mwenye Volkswagen anayesoma hapa, Wajerumani wamefanya kahawia kuwa ethi, ile ile ambayo kwa Land Rover ni moto wa betri muda wote, usije ukachanganya.

Kabla hujauamini mchoro upime kwa waya tatu, rudisha betri uchukue testa, ile taa ndogo ya kupimia umeme. Ukigusa kahawia nene ya kwenye stata testa iwake hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kijani ya kwenye fyuzi iwake ukifungua ufunguo na izime ukifunga. Kijani yenye zambarau, ufunguo ukiwa umefunguliwa, iwake ukikanyaga breki tu. Zote tatu zikikubali mchoro ni wa gari lako, na utakapokuta mahali pamoja hapafanani ujue ni mkono wa fundi aliyepita. Hapo chukua kaunta buku uchore ulichokikuta na tarehe.

Ila binti yangu kwa hiyo shida ya breki sidhani kama unahitaji waya mpya hata mita tano. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani, wati 5 za paking na wati 21 za breki, na zote zinarudi kwa ethi moja. Ethi ikioza, umeme wa breki unakosa njia ya kurudi, unapanda kinyumenyume kwenye uzi wa paking na kwenye indiketa kutafuta njia nyingine, ndo maana moja inafifia na nyingine inawaka kwa mbali. Gari lenyewe bodi aluminiamu chasisi chuma, alafu sasa linalala Lindi na chumvi ya bahari, hapo vinapokutana lazima patoke unga mweupe. Chukua waya mrefu, ncha moja kwenye ile nyeusi ya taa ya nyuma, nyingine kwenye ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi, mtu akanyage breki. Taa zikikaa sawa umemaliza kutafuta. Piga msasa mpaka chuma kiwake, funga kwa bolti na washa yenye meno, paka grisi juu, upande wa pili hivyohivyo.

Likigoma nitumie namba ya chasisi pamoja na ile herufi ya mwisho, na picha ya nyuma ya dashi iliyopigwa mchana milango ikiwa wazi.