Ripoti za ukaguzi wa meli: nani azione, na kwa nini

Maswali mengi ya safari hii yanahusu ripoti za ukaguzi wa meli: nani anaruhusiwa kuzisoma, na kama kuziweka kwenye kanzidata za pamoja kunaokoa maisha kweli.

Nimepata mkataba kwenye meli ya mizigo nisiyoijua. Wakala anasema iko vizuri. Naweza kuhakikisha kabla ya kutia saini?
*Baharia*

Unaweza, ndugu yangu, na usitie saini kabla ya kufanya hivyo. Mwombe wakala namba ya meli ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari), jina peke yake halitoshi. Meli hubadilishwa jina, bendera na hata mmiliki, lakini namba hiyo ya tarakimu 7 hubaki nayo tangu inaundwa mpaka inavunjwa kuwa chuma chakavu. Ukishaipata, jisajili bure kwenye kanzidata ya Equasis. Humo utaona meli imekaguliwa wapi, imekutwa na kasoro gani, imewahi kuzuiliwa bandarini au la, na kampuni ipi inaisimamia.

Mimi ningeanza na kasoro zinazowahusu mabaharia wenyewe: mishahara, saa za kupumzika, chakula, mikataba. Kampuni inayoshindwa kuwalipa watu wake ni nadra kukuta inanunua vipuri kwa wakati. Pitia pia kanzidata ya mabaharia waliotelekezwa, inayotunzwa kwa pamoja na IMO na Shirika la Kazi Duniani (ILO). Wakala akikunyima namba ya IMO, tafuta meli nyingine.

Kila bandari ina wakaguzi wake. Kuna haja gani ya kupeana ripoti?
*Mwanafunzi wa chuo cha ubaharia*

Meli moja hukaguliwa na nchi ya bendera, yaani nchi ilikosajiliwa, na klasi, yaani taasisi ya kitaalamu inayoipima na kuipa vyeti, na wakaguzi wa bandari inazotia nanga, na kampuni zinazoikodi, na bima. Kwa miaka mingi kila mmoja alifungia karatasi zake kabatini. Mwaka 1997 Tume ya Ulaya na Uingereza zilianzisha kampeni ya kupigania meli bora, na wadau wakalalamika kwamba taarifa za usalama zipo ila aliye nje hawezi kuzifikia kwa urahisi.

Wakati hilo linashughulikiwa, tarehe 12 Desemba 1999, meli ya mafuta Erika ilikatika vipande viwili karibu na pwani ya Brittany, Ufaransa, na takriban tani 20,000 za mafuta mazito zikaingia baharini. Ilikuwa na umri wa miaka 24, imepitia majina kadhaa, na vyeti vyake vilikuwa halali. Equasis ilifunguliwa Mei 2000.

Faida haiishii kwenye kujua tu. Nchi za Mkataba wa Paris wa ukaguzi wa meli bandarini, ulioanza mwaka 1982, zinatumia kanzidata moja iitwayo THETIS tangu Januari 2011. Historia ya meli ndiyo inayoamua ikaguliwe lini tena. Yenye hatari kubwa hukaguliwa kila baada ya miezi 5 hadi 6; yenye hatari ndogo huweza kukaa miezi 24 hadi 36. Mkaguzi hapotezi siku yake kwenye meli nzuri huku mbovu ikipakia gati la jirani. Anayetunza meli yake anapunguziwa usumbufu, na hilo kwangu ni haki kabisa.

Upungufu uliobaki ni kwamba mikataba ya namna hii iko 9 duniani, ukiwemo wa Bahari ya Hindi, na haifanani kwa uwazi. Meli iliyochoka huhamia kule isikojulikana. Ndiyo maana nasema kila ripoti iwe ya kidijitali na isomeke nje ya ukanda ilikoandikwa.

Tuna meli tatu tu. Kasoro ndogo ikitangazwa, wateja hawatatukimbia?
*Msimamizi wa kampuni ndogo*

Hofu yako naielewa, ila kasoro hazina uzito sawa. Ipo inayorekebishwa mkaguzi akiwa bado melini, ipo inayotakiwa kumalizwa kabla meli haijaondoka, na ipo inayotosha kuizuia. Mteja anayejua kazi huangalia kama kasoro ileile inajirudia. Tundu moja kwenye mpira wa maji ya zimamoto si habari kubwa; pampu ya dharura iliyogoma katika bandari tatu mfululizo ni habari.

Kinachoniudhi ni ripoti inayoonyesha kosa bila kuonyesha kwamba limerekebishwa. Dai marekebisho yako yaandikwe. Na ukionewa, kata rufaa: kwa sheria za Umoja wa Ulaya, amri ya kuzuia meli ikifutwa, taarifa iliyotangazwa lazima isahihishwe ndani ya saa 24.

Tumepewa vishikwambi badala ya fomu za karatasi. Ripoti itakuwa bora zaidi?
*Mkaguzi*

Itakuwa ya haraka zaidi, na picha ya kutu ina nguvu kuliko maneno "hali si ya kuridhisha". Misimbo ya pamoja pia inawezesha kulinganisha meli na meli. Lakini orodha ya kuweka alama ya vema inavuta macho kwenye kioo, nawe umetumwa kuangalia meli. Waambie washushe boti ya uokoaji. Muulize kijana wa injini afanye nini moto ukizuka, umsikilize bila kuandika chochote. Kumbuka pia kwamba chini kwenye chumba cha injini mtandao haupatikani, hivyo programu isiyofanya kazi bila intaneti ikataeni mapema.

Nikilalamika kwa mkaguzi, jina langu litaingia kwenye ripoti inayosomwa na kila mtu?
*Baharia, ameomba asitajwe*

Halipaswi kuingia. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unataka hatua zichukuliwe kulinda siri ya baharia aliyelalamika. Mwambie mkaguzi waziwazi kwamba hutaki ujulikane. Tatizo gumu zaidi ni kwamba melini watu ni wachache, na maelezo yenyewe yanaweza kumtambulisha msemaji. Kwa hiyo anayeandika ripoti aeleze hali aliyoikuta, asieleze ameambiwa na nani. Uwazi ninaoutetea unawahusu meli na kampuni. Mnyonge wa melini alindwe.

Meli ambayo haina kasoro hata moja kwenye kumbukumbu ni salama?
*Mfanyabiashara anayesafirisha shehena*

Si lazima. Ukaguzi ni wa saa chache, meli ikiwa imetulia gatini, na mkaguzi hafiki kila tangi. Angalia ulifanyika lini na wapi. Ukaguzi mmoja safi wa miaka miwili iliyopita haulingani na mitano safi katika bandari zinazojulikana kwa ukali. Equasis yenyewe haitoi alama wala haisemi meli ipi nzuri. Inakupa taarifa, hukumu ni yako. Meli ikibadilisha bendera na klasi ndani ya muda mfupi, uliza sababu hata kama hakuna kasoro iliyoandikwa.

Vyeti vya kielektroniki si rahisi kughushi?
*Wakala wa meli*

Karatasi yenye muhuri ilighushiwa kwa urahisi zaidi. Mwongozo wa IMO unataka cheti cha kielektroniki kiwe na namba yake ya pekee ya kukifuatilia, na kiweze kuthibitishwa. Usiridhike na kuona msimbo wa QR umechapishwa. Uhakiki, na hakikisha unafungua tovuti halisi ya aliyetoa cheti. Majibu yasipolingana na cheti ulichoshika, wasiliana na nchi ya bendera kabla meli haijaondoka.