Mdogo wako anayeanza kazi ya mbao Mafinga

Mkuu, umeuliza dogo ajihadhari na nini huko kiwandani. Nimefanya kazi hizo miaka mingi, kwanza kwenye dingdong, yaani mashine ndogo ya kupasulia mbao, msituni Sao Hill, baadaye kiwanda cha nguzo za umeme.

Msumeno kila mtu anauogopa. Mkanda unaozungusha mashine ndio watu wanauzoea. Asubuhi za Juni Mafinga baridi ni kali, kijana anakuja na koti pana na skafu shingoni. Mkanda usio na kava ukinasa kinachoning'inia, mtu anavutwa kabla hajaita mtu. Avae nguo za kubana. Kwenye msumeno wa duara avue glovu, maana jino likishika kitambaa mkono unafuata. Gogo likikwama, mashine izimwe kwanza, hata msimamizi akifoka kwamba oda inachelewa. Mwenzetu alichomoa banzi mashine ikizunguka, vidole viwili vikaenda.

Akipelekwa kwenye nguzo, hapo ndipo naomba umkalishe chini. Nguzo huingizwa kwenye tangi, hewa inanyonywa, kisha dawa ya kuzuia mchwa na kuoza inasukumwa ndani ya mti kwa presha. Dawa hiyo, iitwayo CCA, ina shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Nguzo inatoka na rangi ya kijani, bado inachuruzika, na vibarua wanaishika mikono mitupu halafu wanakula maandazi. Hapa glovu za mpira ni lazima, na anawe kabla ya kula.

Vile vipande vya kijani vilivyokatwa asivibebe nyumbani kuwa kuni. Aseniki haiishi kwa moto: nyingine inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu. Fikiria jiko la chumbani, madirisha yamefungwa kwa baridi, watoto wamelala. Na majivu hayo ndiyo mama anasugulia sufuria! Inaniuma sana nikiliona hili.

Vumbi laini la mbao nalo husababisha saratani ya pua, na leso haizuii. Adai barakoa ya vumbi. Masikio pia yazibwe. Kelele za kuanzia desibeli 85 (kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa nane zinaharibu usikivu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa hivyo, asikatwe mshahara. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao ni wa mwajiri. Aulize kabla ya kuanza kama bosi amejisajili kwenye mfuko huo, na akiumia ajali iandikwe siku hiyohiyo, abaki na nakala za hospitali.