Mwanangu, jibu lako uliliona mstari gani?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini kwenye majaribio ya kusoma ya IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, unakielewa kifungu, unabaki na majibu mawili, kisha unaangukia lile lisilo sahihi. Nimeyapitia yote uliyonitumia. Kusoma unajua. Kinachokuponza ni kwamba unajibu kwa unayoyajua wewe, wakati mtahini anauliza mwandishi amesema nini.

Kwenye maswali yanayotaka useme "kweli", "si kweli" au "haikutajwa", chukua sentensi hii: "Wakulima wengi walianza kupanda mbegu mpya baada ya ukame." Ukiambiwa kwamba ukame ndio uliowafanya wabadili mbegu, utaitikia "kweli" upesi, maana inaingia akilini. Lakini mwandishi ametaja lini, hajataja kwa nini. Kama kifungu kizima hakisemi zaidi ya hapo, jibu ni "haikutajwa". Ukiambiwa hakuna mkulima aliyebadili mbegu, hapo ni "si kweli", kwa sababu kifungu kinakataa waziwazi. Hizo mbili ndizo unazozichanganya sana: "si kweli" inadai ushahidi wa kupinga, na ukiutafuta usiuone, usiubuni.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, weka kidole kwenye mstari unaokupa jibu. Mkibaki wewe na majibu mawili, acha kujiuliza lipi linapendeza zaidi. Tafuta neno moja linaloliharibu jibu mojawapo: "wote" mahali mwandishi alipoandika "wengi", au "husababisha" mahali aliposema "huenda ikachangia". Wapo wanaofundisha kwamba kila jibu lenye "daima" au "pekee" lifutwe. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwandishi akiwa mwenyewe kasema "pekee", jibu lenye "pekee" ni halali.

Muda nao uuchunge. Ni dakika 60 kwa maswali 40 na vifungu vitatu, na kwa wanaofanya kwenye karatasi hakuna nyongeza ya kuhamishia majibu. Vifungu huzidi ugumu kadiri unavyosonga mbele, basi usikipe cha kwanza dakika 20 kamili. Cha mwisho kitazihitaji. Maswali ya kweli na si kweli hufuata mpangilio wa kifungu, hivyo ukishapata la 3 na la 5, la 4 litafute katikati yao. Yale ya kuoanisha vichwa vya habari na aya hayana mpangilio huo. Na kwa kuwa jibu lenye kosa halikupunguzii alama, usiache nafasi tupu hata moja.

Jaribio lijalo, kando ya kila jibu niandikie maneno ya kifungu yaliyokufanya ulichague, hata yale uliyopata. Ukiona huna cha kuandika, rudi kwenye kifungu kabla hujanitumia. Jumapili nikipata nafasi tutayapitia kwa simu, moja baada ya jingine.

Ni mimi mama yako.